Hakiki na Mshindi wa Mzunguko

Fundi breki huyu kila mtu alimwita Hakiki, hata mke wake, hasa akiwa na hasira. Jina lilimkaa. Ukimpelekea gari ukamwambia breki ya nyuma kushoto inalia, alifungua magurudumu yote, maana kwa akili yake mteja anayeonyesha upande mmoja ana jambo analolificha upande wa pili. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyanywa. Kwa kinyozi hakufumba jicho, alikodolea kioo mpaka mwisho asije akanyolewa kipara cha kuonewa. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kidogo, aliitikia, halafu akibaki peke yake alisema: "Hapa kuna namna."

"Wewe," mke wake alimwambia mara nyingi, "hata kivuli chako ungekiomba kitambulisho."

Lakini hakuzaliwa hivyo. Waliomjua akiwa dereva wa gari la posta wanasema alikuwa mtu wa kucheka ovyo, anayeacha funguo ndani ya gari na kwenda kunywa chai. Kilichomgeuza ni Mzunguko.

Mzunguko yalikuwa mashindano ya magari, ya kuuzunguka mlima na kurudi mjini kwa muda wa siku mbili. Yalianza kwa ubishi wa wauza vipuri wawili waliokuwa na maduka yanayotazamana, kila mmoja akidai magari anayoyahudumia yeye ndiyo yanayoweza kupanda na kushuka salama. Wote wawili walikwama siku ya kwanza kabla ya saa sita mchana. Aliyeshinda ni muuza matairi aliyejiunga kwa utani, na inasemekana alifika tairi moja likiwa limeshindiliwa majani badala ya upepo. Baada yake wakashinda ndugu wawili waoka mikate, tena mara mbili mfululizo, na gari lao lilinukia hamira mpaka watoto wakalikimbilia. Akaja daktari wa meno aliyesimama kwenye kituo cha ukaguzi kumng'oa mwamuzi jino, akaendelea na safari, na bado akawaacha wenzake mbali. Mwaka mmoja mvua ilinyesha hata hakufika mtu, kombe likakabidhiwa dereva wa trekta aliyewavuta wote kutoka kwenye tope. Majina yao yote yaliandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao mkubwa katika ukumbi wa kilabu.

Baada ya dereva wa trekta, ubaoni, lilifuata jina la mwanamke, na lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe.

Watu walimwita Mama Maziwa. Alisambaza maziwa hospitalini na kwenye mahoteli, kwa gari dogo la rangi ya krimu ambalo viti vyake vya nyuma alivitoa apate kupakia makopo. Mwaka alioingia kwenye Mzunguko, Hakiki naye aliingia, na gari la bluu alilolinunua likiwa gofu akalifufua kwa mikono yake. Msoma ramani wake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Alikuwa karani wa stesheni ya reli, mtu mpole anayeikunja leso yake pembe nne kabla ya kuirudisha mfukoni. Saa pia alishika yeye.

Siku ya kwanza Hakiki aliongoza. Siku ya pili alasiri, jua likiwa kali, alifika juu kabisa ya mlima bado yuko mbele, na rejeta inachemka. Wakasimama ng'ambo kidogo ya kilele, kwenye kivuli cha mwamba, ili ipoe. Usiku uliopita hakulala, alikuwa chini ya gari akihangaika na springi. Akaegemea kiti. Punde shemeji yake akamgusa bega.

"Imepoa. Twende."

"Nimelala?"

"Umefumba jicho tu."

Wakateremka. Hakiki aliingia mjini mkono ukiwa kwenye honi, meno yote nje. Kwenye mstari wa kumalizia akamkuta Mama Maziwa ameketi juu ya boneti la gari lake, anakunywa chai.

Hakiki alishuka bila kuzima injini.

"Umepita wapi?"

"Barabarani," akasema yule mama.

"Barabara ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Ilikuwa moja tu, na hilo ndilo lililomkaba Hakiki. Barabara ilikuwa moja, nyembamba, ukuta wa mlima huku na korongo kule. Hakuna gari lililompita. Angelisikia. Angeliona vumbi lake. Akamwambia shemeji yake atoe saa, wakailinganisha na ya waamuzi, zikapishana karibu nusu saa. Basi kwake mambo yalikuwa mawili: ama waamuzi walichezea saa, ama mwanamke yule aliijua njia ya mkato. Hakujua lipi, kwa hiyo alishtaki yote mawili.

Kamati ilikaa. Mama Maziwa aliulizwa amepita wapi, akasema barabarani, akanyamaza kabisa. Msoma ramani wake alikuwa dada yake, naye alisema vilevile kwa neno lilelile, jambo ambalo Hakiki aliliona ni dalili tosha kwamba wamepanga. Shemeji naye alipoulizwa alijifuta jasho, akasema, "Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ramani." Kamati haikumnyang'anya Mama Maziwa kombe. Ila mwandikaji alipokuja kuandika jina, walimwambia atumie rangi nyeupe, ya dhahabu isubiri mpaka ukweli ujulikane.

Hiyo nyeupe ilimtafuna yule mama kuliko kama wangelifuta. Watu wana ulimi. Aliyeiba barabara, wakasema, atashindwaje kutia maji kwenye maziwa? Hoteli moja ikaacha kununua kwake, na nyingine ikafuata. Ilibaki hospitali na nyumba chache.

Na Hakiki? Akaanza kuitafuta njia ya mkato. Kila alipopata siku ya mapumziko alipanda mlimani na gari la bluu. Alikuta njia ya mbuzi. Alikuta mkondo wa mto uliokauka, akajaribu kupita humo, ekseli ikakatika, akarudi mjini kwa miguu amejaa miiba. Alimshuku mwamuzi mwenye jino lililong'olewa. Alimshuku muuza matairi. Posta wakachoka na safari zake wakaachana naye, ndipo akafungua karakana ya breki. Gari la bluu likaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shemeji alimwambia zaidi ya mara moja, "Achana na hayo, shemeji, una watoto," naye alimjibu, "Wewe ni mwema mno, ndiyo maana hukuona kitu."

Miaka ikaenda. Mzunguko wenyewe ukafa: barabara ikatiwa lami, mafuta yakapanda bei, kombe likawekewa maua ya plastiki. Watoto wa Hakiki wakakua wakaoa na kuolewa. Kisha mwalimu mmoja mstaafu, mpenda magari mabovu, akaufufua. Safari hii yalikuwa mashindano ya magari ya zamani peke yake, na si ya mbio. Kila gari lilipangiwa muda wa kufika kila kituo, na anayewahi hukatwa alama sawa na anayechelewa. Mwalimu huyo, ambaye ndiye alikuwa katibu, alizunguka mjini akiwatafuta washindani wa zamani. Wengi walikuwa wamekufa. Shemeji wa Hakiki naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, usingizini, leso ikiwa imekunjwa juu ya meza.

Asubuhi moja gari la rangi ya krimu likaingia karakanani. Mama Maziwa akateremka, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya chai.

"Nataka breki," akasema.

Hakiki alilizunguka gari kama polisi. "Mafundi wote hawa mjini, ukaniona mimi?"

"Nimekuona wewe. Na nikimaliza breki nataka msoma ramani. Dada yangu haoni tena."

Machale yakamcheza. "Unataka nini kwangu, mama?"

"Nimeshasema. Breki na msoma ramani."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu huniamini. Anayekuamini hujisahau akasinzia. Wewe utakaa macho njia nzima."

Hakiki alitaka kukataa. Lakini roho ilimtuma kwingine. Huyu mwenyewe amejileta, aliwaza, atapita na mimi palepale, na kama kuna njia atageuza shingo kuitazama hata bila kupenda. Akazifanyia kazi breki, zote nne, kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mteja, maana sasa roho yake ilikuwa humo ndani. Mke wake alipoambiwa, aliuliza, "Amekwambia kitu?"

"Kitu gani?"

"Nauliza tu."

Hilo nalo Hakiki aliliweka akilini.

Wakaondoka mjini na magari mengine yaliyong'arishwa kama bibi harusi. Hakiki alikuwa na ramani magotini, lakini macho yake yalikuwa kwenye shingo ya yule mama. Mama aliendesha polepole, bila mtikisiko, gia zikiingia kama kijiko kwenye asali. Kila palipokuwa na uchochoro Hakiki alisema jina la mahali kwa sauti na kumtazama. Mama hakugeuka hata mara moja.

"Unanipeleleza," akasema mama.

"Nasoma ramani."

"Ramani umeishika kichwa chini."

Walipolala kwenye nyumba ya wageni ya kituo cha kati, Hakiki aliweka alama ya chaki kwenye tanki la mafuta, asije mtu akaligusa. Siku ya pili alasiri wakapanda mlima. Juu kabisa, ng'ambo kidogo ya kilele, Mama Maziwa akapunguza mwendo, akasimama kwenye kivuli cha mwamba.

"Tutakatwa alama," Hakiki akasema upesi. "Mbona unasimama?"

"Shuka."

"Sishuki. Kuna nini?"

"Basi kaa. Shemeji yako alinifunga mdomo. Sasa hayupo, na mimi sitaki kufa nikiwa na maneno yake." Akazima injini. "Gari lenu lilikuwa hapa. Nilipomaliza kilele nilimkuta amesimama katikati ya barabara, mikono juu. Nikadhani mmepata ajali. Akaja dirishani, akaweka kidole mdomoni, akaniambia: 'Dada, nakuomba, pita kimya. Amelala. Huko nyuma alilala macho wazi, tairi likatoka nje ya barabara, nikaushika usukani mimi. Akiamka sasa atataka kuteremka kwa kasi, na huku ni korongo tupu. Mke wake ni dada yangu, na ana mimba.' Ndivyo alivyosema. Nikazima injini, nikatoa gia, gari likateremka lenyewe. Nilikupita karibu hivi, ningeweza kukugusa."

Hakiki alicheka, kicheko kikavu. "Umekaa miaka yote hii kutunga hiyo?"

"Dada yangu alikuwepo. Alishika mlango usigonge."

"Dada yako! Dada yako angeapa hata kwamba mmepaa. Na huyo unayemsema amekufa, hawezi kukanusha. Umengoja afe."

"Nimengoja afe," mama akakubali. "Niliahidi."

"Na kombe ukachukua."

"Nikachukua. Nilikuja kushinda, sikuja kulea. Ningeweza kupiga honi, sikupiga, na nilifaidika. Hilo sikatai." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waondoke. "Ulikuwa umefunikwa leso usoni. Nyeupe, imekunjuliwa, kwa ajili ya jua."

Hakiki alikumbuka kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu hakikuwa na maana. Wakati wakiteremka siku ile leso ya shemeji yake ilikuwa imeanguka mapajani mwake, imekunjamana, na akamtania, "Leo umesahau kukunja?" Shemeji alikuwa ameichukua bila kucheka.

Hata hivyo akili yake ilijitetea. Labda aliiona wakati mwingine. Labda shemeji mwenyewe alimsimulia. Wakashuka mlima. Walichelewa vibaya, wakawa karibu na mkia, na mwaka huo walishinda fundi cherehani na mumewe waliokuwa wakigombana kwa sauti katika kila kituo lakini hawakukosea hata dakika.

Hakiki hakungoja zawadi. Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Mke wake alikuwa anapiga pasi mashati.

"Siku ile ya mashindano," Hakiki akasema akiwa bado mlangoni, "kaka yako alimwacha yule mama apite nikiwa nimelala?"

Alikuwa tayari kwa "si kweli". Alikuwa tayari hata kwa "sijui".

Mke wake aliisimamisha pasi wima. "Nani kakwambia?"

Hakiki akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, juu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa, na mke wake hakumfukuza.

"Ulijua."

"Aliniambia jioni ileile, jikoni. Alisema tairi lilikuwa linazunguka hewani, na wewe macho umefumbua, huoni. Mimi ndiye niliyemwomba kabla hamjaondoka. Nilimwambia, kombe wachukue wengine, mimi nirudishie mume."

"Na saa?"

"Alirudisha mishale nyuma usije ukajua umelala muda gani. Hakufikiri mbali. Alikuwa mtu wa reli, hakuwa mwizi."

"Mkanyamaza. Miaka yote. Nakuuliza kila siku nani amenifanyia hivi, wewe unaniwekea chakula mezani."

"Ungeambiwa ungefanyaje? Ungerudi mwaka uliofuata kutuonyesha kwamba huwezi kulala. Nakujua." Sauti yake ikapungua. "Baadaye ikawa tumechelewa kusema. Kila mwaka tunachelewa zaidi."

"Na yule mama? Wateja walimkimbia kwa mdomo wangu."

Mke wake aliokota shati, akalikunja, akalikunjua tena. "Hilo ndilo linaloniuma. Nilinunua maziwa kwake siku zote. Nilikosa ujasiri wa kufanya zaidi ya hapo."

Kumbe maziwa aliyokuwa akiyanusa kila asubuhi yalikuwa ya Mama Maziwa.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Hakiki alikuwa amewashuku waamuzi, waoka mikate, kinyozi, mpaka upepo, na watu pekee ambao hakuwahi kuwatilia shaka ndio waliokuwa wamekula njama. Sasa alianza kuichunguza nyumba yake. Mke akisema anakwenda kwa jirani, alichungulia dirishani. Watoto wakipiga simu, alisikiliza kama kuna neno linakwepwa. Akamuuliza binti yake mkubwa, yule aliyekuwa tumboni wakati huo, kama na yeye alijua. Binti akamwambia, "Baba, mimi nilikuwa sijazaliwa," akaanza kucheka, kisha akaona uso wa baba yake, akaacha.

Ni huyo binti aliyemwambia jambo lililomshika. Alisema, "Ungetumbukia korongoni, baba, leo mimi ningekuwa nakujua kwa picha." Alilisema wakati anamenya viazi, bila kulipamba, na akaendelea na viazi vyake. Hakiki alitoka nje, uani, akakaa huko mpaka alipoitwa kula.

Kesho yake alikwenda kwa katibu, akamwomba awakutanishe wanakilabu. Katibu akadhani ni shtaka jipya, akaguna, lakini akaita watu. Ukumbini Hakiki alisimama, mikono nyuma, akaeleza yote: kulala, leso, saa, kidole mdomoni. Alisema lile lililotangazwa juu ya Mama Maziwa lilikuwa uongo, na aliyelitangaza ni yeye. Watu wengine walicheka. Mwoka mikate mmoja aliyekuwa bado hai alisema kwa nguvu, "Kumbe ulikoroma ukakosa kombe!" na ukumbi ukalipuka.

Mama Maziwa hakucheka. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Na nakuomba radhi."

"Nimesikia," akasema. "Nitafikiria."

Katibu akaagiza rangi ya dhahabu. Mama akawakataza. Alisema wamemwandika nyeupe miaka yote, waiache, na anayetaka kujua sababu aulize, aambiwe vizuri. Ikabaki hivyo. Hoteli zilizomwacha zilikuwa zimeshafungwa au zimebadilisha wenyewe, kwa hiyo hakuna alichorudishiwa upande huo, na Hakiki aliposema angeweza kuwaendea mmojammoja, alimwambia asimchoshe.

Ilipokaribia Mzunguko mwingine, gari la krimu lilikuja tena karakanani. Mama Maziwa hakusema amesamehe. Alisema breki ya mbele inavuta kulia. Hakiki akafungua ya mbele kulia, akaona tatizo, akalirekebisha. Kisha akafungua zilizobaki, kwa sababu mtu havui tabia kama koti.

Asubuhi ya kuanza, magari yakiwa yamepangwa mstarini na madereva wanafuta vioo, mke wake alitokea kwenye umati. Hakuwahi kuja kutazama Mzunguko, si wa zamani wala wa sasa.

"Umekuja kufanya nini?" Hakiki akamuuliza kutoka kiti cha msoma ramani, na sauti ile ya zamani ikamponyoka.

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Watu wanatazama nini hapa? Magari." Akainama dirishani, akamsalimia Mama Maziwa kwa mikono miwili, naye akaitikia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani. Wanawake wale wawili walitazamana kidogo. Hakiki aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akafungua mdomo aulize, kisha akaufunga. Akaigeuza ramani, akahakikisha iko sawa, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mtaa wa kwanza, kulia."

"Naujua," Mama Maziwa akasema, akatia gia.